Msingi wa Sista Leocadia

Siku Sista Leocadia aliposimama kwenye mkutano wa walimu kuunga mkono mpango mpya, nilinyoosha mkono wa ndiyo kabla hata hajakaa. Nilifanya hivyo kwa sababu aliyesimama ni yeye. Angesimama mtu mwingine yeyote, awe askofu, awe mwenyekiti wa bodi, ningeuliza maswali mpaka wanichoke, maana kuuliza maswali ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya. Nafundisha falsafa. Au niseme nilikuwa nafundisha.

Jina langu ni Gerard Thielen. Chuo chetu, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Walburga, kiko Bergholt, Wisconsin, kwenye kilima juu ya kiwanda cha jibini. Kilijengwa na masista wakati mji wenyewe ulikuwa kanisa moja na mabaa kadhaa. Masista walipozeeka na kupungua, walikikabidhi kwa bodi ya watu wa kawaida, wao wakabaki kwenye nyumba yao ng'ambo ya bustani. Bodi ilibadilisha mengi. Ilijenga uwanja wa mpira, ikaleta kozi za biashara, ikaondoa sanamu ya mwanzilishi iliyokuwa inazuia maegesho. Lakini Msingi haukuguswa.

Msingi ndivyo tulivyoyaita yale masomo ambayo kila mwanafunzi lazima ayapitie, awe anasomea uuguzi, uhasibu au ualimu: theolojia, falsafa, historia, fasihi, jiometri, muziki, elimu ya viumbe na lugha moja ya kigeni. Hukuwa na pa kukwepea. Wanafunzi waliulalamikia kama wanavyolalamikia baridi, yaani kwa mazoea, na wakihitimu walijivuna nao. Nakumbuka msichana mmoja wa uuguzi aliyeninyooshea mkono akiwa amenuna kweli kweli.

"Profesa, mgonjwa akizimia mbele yangu, nimuulize kama yupo kweli au nimpe hewa?"

"Mpe hewa kwanza," nikamwambia. "Akiamka, muulize."

Darasa zima likacheka, naye akacheka, na mwisho wa muhula aliandika insha bora kuliko zote kuhusu kifo.

Sista Leocadia Brandl ndiye aliyeuunda Msingi, yeye na masista wenzake ambao sasa wote wamelala makaburini nyuma ya kanisa. Alikuwa bado anafundisha jiometri, amepita miaka themanini, magoti mabovu, sauti kama kengele. Alichora duara ubaoni kwa mkono mtupu na duara likatoka duara. Mwanafunzi akimuuliza, "Sista, hii nitaitumia wapi maishani?" alimjibu, "Usiku usingizi ukigoma." Sisi walimu tulimwogopa kidogo na kumpenda sana. Hakuwa na cheo chochote tena, ila hakuna jambo la Msingi lililoamuliwa kabla mtu hajauliza, "Sista anasemaje?"

Colleen Vandehey alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Colleen alikuwa naibu mkuu wa chuo, mwenye mamlaka juu ya masomo yote. Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa kaskazini mwa mji, wa kwanza kwao kuvuka kizingiti cha chuo kikuu. Mwaka wake wa kwanza baba yake alivunjika nyonga, naye akafungasha vitu arudi nyumbani kukamua. Sista Leocadia akaingia ndani ya gari la masista, akaenda huko shambani, akapandisha vazi lake la kitawa na kulifunga kiunoni kwa kamba, akawa anakamua na Colleen alfajiri kisha anamrudisha darasani, mpaka mzee alipoweza kusimama. Hadithi hiyo inajulikana Bergholt nzima. Colleen mwenyewe aliisimulia kila mwaka kwa wanafunzi wapya, na kila mwaka sauti ilimkwama palepale kwenye kamba. Sikuwahi kuidhania kuwa maigizo, na mpaka leo siamini kwamba yalikuwa maigizo.

Vuli ile maneno yalianza kuzagaa kwamba Msingi utapunguzwa. Ijumaa moja nilikuwa kwenye chumba cha chini cha kanisa, tunakula samaki wa kukaanga kama kawaida ya Ijumaa, mkabala na Orrin Halvorsen, mwalimu wa muziki na kiongozi wa kwaya. Orrin ni mtu mkubwa wa mwili, mdomo hautulii.

"Umesikia?" akasema akichovya samaki kwenye mchuzi wa maziwa. "Colleen anashinda kwa masista. Anawapelekea keki za lozi. Mtu akikuletea keki kila wiki na si sikukuu, shika mfuko wako."

"Acha roho mbaya. Ni mtoto wao yule."

"Mtoto akitaka gari la baba, si ndipo anapoosha vyombo?" Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Gerard, vyuo viwili vya hapa jimboni vimeshafunga milango. Bodi inataka kitu cha kukata. Mimi nafundisha watu kuimba. Unafikiri kisu kitaanzia wapi?"

"Sista hatakubali."

"Hapo umesema," akajibu, akachukua kipande cha samaki kwenye sahani yangu bila kuomba.

Mkutano ulifanyika ukumbini, majani yote yakiwa yameshaanguka. Colleen alieleza mpango wake kwa utulivu. Masomo ya Msingi yangeunganishwa yawe machache, mapana, yenye kuvuka mipaka ya idara. Falsafa na theolojia zingekutana, muziki ungeingia kwenye historia, na kadhalika. Watu wakaanza kunong'ona. Mireille Gagnon, mwalimu wa Kifaransa, akauliza waziwazi, "Na sisi watu tunaunganishwa vipi? Mnatushona?" Ukumbi ukacheka, ila kicheko cha watu wenye hofu.

Ndipo Sista Leocadia aliposimama, ameshika kiti cha mbele yake.

"Nimekaa na Colleen mezani kwetu," akasema. "Nimemuuliza somo moja baada ya jingine. Ameniambia yatabaki, na wanaoyafundisha watabaki. Yatafundishwa kwa mtindo mwingine, basi. Mimi ni kikongwe, mitindo siijui. Colleen namjua. Kama ni kwa ajili ya kukifanya chuo kiishi, tumpe mkono."

Nikanyoosha mkono. Orrin akanitazama, akapumua kwa nguvu, akanyoosha wake. Ukumbi mzima ukawa mikono. Mireille peke yake alikaa amekunja yake kifuani, na mimi, Mungu anisamehe, nilimwona mkaidi.

Krismasi ikapita. Wiki ya kwanza ya muhula mpya Orrin aliitwa ofisini kwa Colleen. Nilikutana naye kwenye ngazi akitoka, uso umekuwa wa kijivu, na alinipita bila kusema neno. Orrin, bila kusema neno. Saa moja baadaye niliitwa mimi.

Colleen alikuwa na mtu wa ofisi ya utumishi pembeni yake, kijana mwenye tai aliyekuwa akitazama mikono yake muda wote.

"Gerard, naomba nisizunguke," akasema Colleen. "Kuanzia mwaka ujao wa masomo idara ya falsafa haitakuwepo. Nafasi yako haitakuwepo pia."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Falsafa si imo kwenye Msingi mpya?"

"Mada zake zimo. Zitafundishwa na walimu tulionao katika idara nyingine, na nyingine kwa njia ya mtandao."

"Sista alisema wanaofundisha watabaki. Alisema mbele yetu sote."

"Sista alisema hivyo," akajibu taratibu. "Mpango mlioupigia kura haukusema hivyo."

Nikajiona mjinga kupindukia, mimi ninayewafundisha watoto wa watu kusikiliza kilichosemwa na kisichosemwa. Nikamuuliza jambo moja tu la mwisho.

"Na Sista anajua?"

Akapanga karatasi zake mezani. "Sista anaelewa hali ya chuo," akasema.

Nilirudi nyumbani nikilirudia hilo neno moja. Anaelewa. Kwa hiyo alijua. Alisimama pale ameshika kiti, akatupa sauti yake ile, akijua tunakwenda kuchinjwa. Colleen nilimkasirikia, ndiyo, ila hasira yangu kwake ilikuwa ya kawaida, hasira ya mtu na bosi wake. Ile ya kwa Sista sikuwa na pa kuiweka. Nadine, mke wangu, muuguzi ambaye yeye mwenyewe alipita mikononi mwa Sista, alinisikiliza nikizunguka jikoni mpaka akachoka.

"Wewe umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Nilimsikia kwa masikio yangu!"

"Ulimsikia wakati ule. Sasa hivi umemuuliza?"

"Nadine, usimtetee."

"Simtetei. Nauliza kama mume wangu mwanafalsafa ameuliza swali."

Nikatoka kwenda kuchimbua theluji mlangoni ambako hapakuwa na theluji ya kuchimbuliwa.

Jumapili kwenye misa masista walikaa mbele yetu kama kawaida. Padri aliposema tupeane amani, Sista Leocadia akageuka na mkono wake ule wenye mishipa, akitabasamu. "Amani iwe nawe, Gerard." Nikautazama mkono, kisha nikageuka kumpa amani mzee aliyekuwa nyuma yangu, ambaye nilikuwa nimeshampa. Nilipogeuka tena, mkono bado ulikuwa hewani. Nadine akaushika kwa mikono yake miwili. Juu kwenye roshani Orrin alikuwa akipiga kinanda kwa nguvu kuliko wimbo ulivyotaka.

Sista alikuja kwetu Jumanne mchana. Nadine alifungua mlango, nikamsikia akishtuka.

"Sista! Umekuja kwa miguu? Na barafu hii?"

"Gari letu limempeleka Sista Ottilie kwa daktari wa meno," sauti ikajibu. "Mwenye meno ana bahati. Yupo?"

Akaingia jikoni na mabuti yake ya mpira, theluji imemjaa mabegani, akakaa bila kungoja kukaribishwa. Nadine akamwekea kahawa.

"Gerard, kanisani umenikwepa mkono. Nimekukosea nini?"

"Sista, usinifanyie hivyo."

"Nikufanyie nini?"

"Usije nyumbani kwangu ukaniuliza kitu unachokijua."

Akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeruka hatua kwenye hesabu. "Sijui kitu," akasema. "Nieleze tangu mwanzo."

Nikamweleza, na nikamweleza kwa ukali. Nilipofika kwenye habari ya idara kufungwa, kikombe alichokuwa anakipeleka mdomoni kilisimama njiani.

"Umefukuzwa kazi?"

"Mwisho wa mwaka wa masomo."

"Na Orrin?"

"Na Orrin. Na Mireille. Kwaya yenyewe itakuwa klabu ya hiari."

Akakiweka kikombe chini polepole. Kahawa ikamwagika kidogo juu ya kitambaa na hakuiona. "Nani alikwambia kwamba nilijua?"

"Colleen. Alisema unaelewa."

Nimewahi kuona watu wakipokea habari za msiba, na uso wake ulikuwa hivyo, ila katikati yake paliongezeka aibu, na hiyo ndiyo iliyonivunja. Mzee wa watu alikuwa anaona aibu mbele yangu.

"Niliwaambia watu wangu wanyooshe mikono," akasema. "Mimi."

"Sista, nisamehe. Kanisani nili..."

"Nyamaza na hayo. Nadine, mwanangu, gari lenu lina mafuta?"

Colleen alisimama haraka tulipoingia ofisini kwake. "Sista, ungeniita tu ningekuja mimi! Kaa hapa, viatu vimelowa..."

"Nitasimama." Alikuwa ameshikilia mkono wangu, na nilihisi uzito wake wote. "Mezani kwetu uliniambia walimu watabaki."

"Nilisema nitajitahidi, Sista."

"Hukusema utajitahidi. Magoti yangu yamekwisha, Colleen. Masikio bado ninayo."

Colleen akatazama dirishani. Uwanjani wanafunzi walikuwa wakirushiana theluji. Nilitarajia aendelee kukwepa, kwa hiyo nilishangaa aliposema, "Ndiyo. Nilisema watabaki."

"Ulijua si kweli?"

"Nilijua."

"Ulijua huku unanikatia keki."

"Sista." Sauti ilimkwama, kama inavyomkwama kwenye hadithi ya kamba. "Ningekuambia ukweli, ungesimama?"

"Nisingesimama."

"Sasa ningefanya nini? Niambie. Bodi ilisema bila kura ile wanaanza kuandaa kufunga. Si kupunguza, kufunga! Wazazi wanakuja hapa wanauliza mtoto atapata kazi gani, nawajibu jiometri na nyimbo za Kilatini, wanachukua funguo za gari wanaondoka. Chuo hiki ndicho kilichonitoa zizini. Wewe ndiye uliyenitoa. Sitakubali kifie mikononi mwangu. Afadhali kiwe nusu."

"Hayo yote ungewaambia walimu."

"Wangekataa."

"Wangekataa, ndiyo. Ukimuuliza mtu, anaweza kukataa. Vinginevyo hukumuuliza." Sista alihema. "Pengine chuo kingefungwa. Sijui. Pengine Gerard na Orrin wangesema tuondoke sisi, wengine wabaki. Sasa hatutajua kamwe, kwa sababu hukuwapa nafasi ya kuwa watu wema. Na mimi, hukuniomba hata ninyamaze. Ungeniomba ninyamaze, kwa jinsi nilivyokupenda huenda ningenyamaza. Ulichukua mdomo wangu ukaenda kuongea nao."

Colleen alikuwa analia waziwazi. Sista hakumsogelea. Nilimngoja amsogelee, maana ndivyo alivyo, nami moyoni sikutaka. Akasema tu, "Gerard, nirudishe nyumbani," tukatoka.

Gari lilisimama langoni kwao. Hapo akaniambia, "Nilikwenda kwao kukamua kwa sababu nilimpenda, si ili anilipe. Sasa najikuta namdai. Nachukia kuwa mtu wa kudai."

Lililofuata wengine wanalisimulia kwa mbwembwe. Mimi nililiona kwa macho na halikuwa na mbwembwe. Bodi ilikuwa imeamua kwamba mpango mpya uitwe Msingi wa Leocadia, na mwezi wa tatu kukaandaliwa chakula cha jioni na wafadhili kuuzindua. Picha ya Sista ilikuwa imeshachapwa kwenye mabango ya ukumbini, anacheka, ameshika chaki.

Mama Mkuu wao, Sista Hildegunde, alimwita aliposikia anakusudia kuusema ukweli pale. Mwanamke mwenye busara, mwenye mzigo wa kulea vikongwe. Sista Leocadia mwenyewe ndiye aliyenisimulia mazungumzo yao, tena akicheka kidogo.

"Leocadia," Mama Mkuu alimwambia, "joto la nyumba yetu linatoka kwenye boila ya chuo. Wagonjwa wetu wanatibiwa kwenye zahanati ya chuo. Nenda ukale, utabasamu, urudi ulale."

"Unaniamuru, Mama? Maana niliweka nadhiri ya utii. Ukiniamuru ninyamaze, nitanyamaza mpaka kaburini."

Mama Mkuu alifikiri kwa muda mrefu. "Sikuamuru," akasema. "Nakuomba."

"Kama unaniomba, jibu ni hapana."

Sista Hildegunde alifunika uso kwa mikono, akasema, "Basi vaa sweta, ukumbini kuna baridi." Hakumzuia.

Jioni ile nilikaa meza ya nyuma na Nadine. Kwaya ya Orrin ilikuwa imeamriwa kuimba, na watoto wale waliimba vizuri mpaka wafadhili wakaacha kutafuna. Mwenyekiti wa bodi, muuza matrekta mwenye moyo mkunjufu ambaye nadhani hakujua nusu ya yaliyotokea, akamkaribisha Sista "aseme neno dogo la baraka." Colleen alikuwa ameketi kando yake. Alishajua kinachokuja. Niliona alivyoshika kitambaa cha meza.

Sista alikataa kipaza sauti.

"Vuli iliyopita nilisimama mbele ya walimu wa chuo hiki," akasema, "nikawaambia kwamba wanaofundisha Msingi watabaki. Wakaniamini. Haikuwa kweli, na aliyeniambia alijua kwamba si kweli. Gerard Thielen anaondoka. Orrin Halvorsen, aliyewaimbisha watoto hawa, anaondoka. Mireille Gagnon, ambaye peke yake hakunyoosha mkono, anaondoka. Sijui kama chuo kingeweza kupona kwa njia nyingine. Msiniulize hayo. Ninachojua ni kwamba tuliwafundisha watoto wenu kutafuta ukweli, na tulipofika kwenye jambo letu wenyewe tukauficha. Naomba jina langu litolewe. Mabango yale pia, kama hamna taabu."

Akakaa. Mwenyekiti alianza kupiga makofi kwa mazoea, akaacha katikati. Mama mmoja mzee, mhitimu wa zamani, alisimama wima akabaki hivyo, mpaka mumewe akamvuta sketi. Orrin alifunga kifuniko cha piano. Kisha milango ya jikoni ikafunguka na wahudumu wakaingia na keki, maana hakuna aliyekuwa amewaambia wasubiri, na watu, kwa kukosa la kufanya, wakala.

Jina lilitolewa. Mpango ulibaki. Wanafunzi walikaa chini kwenye korido ya utawala siku kadhaa kupinga, yule msichana wa uuguzi akiwa mbele na bango lililosema MGONJWA AMEZIMIA, na bodi ikawasifu kwa moyo wao wa kujitolea. Mireille alirudi kwao Kebeki, Kanada. Orrin alipata kazi ya kinanda kwa Walutheri, akanipigia simu wiki ya pili kuninong'oneza kwamba wanaimba vizuri kuliko sisi, nisimwambie padri. Mimi nilipata nafasi kwenye shule ya sekondari ya mji wa jirani, nafundisha historia kwa vijana wa miaka kumi na mitano ambao hawaogopi kitu. Chuo hakijafungwa mpaka leo. Colleen anaweza kusema alikuwa sahihi, na sina hoja ya kumshinda nayo. Nina lile neno "anaelewa" tu, ambalo hata sasa nikilisikia kwa mtu yeyote namuuliza anaelewa nini.

Mwezi wa tano, baada ya mahafali, nilikwenda kumsaidia Sista kupalilia asparaga, ile mboga ya vichipukizi, kwenye bustani ya masista. Alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi katikati ya tuta, anaelekeza, mimi nang'oa. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo umeshiba. Nilimwona Colleen akija kutoka upande wa chuo, na viatu vya ofisini, akizama kila hatua. Nikainuka niondoke.

"Baki," akasema Sista.

Colleen alisimama mwisho wa tuta. Alikuwa amekonda. "Nimekuja mara nyingi mpaka langoni," akasema, "narudi. Sista, nisamehe. Na wewe, Gerard."

Mimi niliangalia tope kwenye viatu vyake. Sista aliangusha magugu kwenye ndoo, akafuta mikono kwa aproni.

"Najua ninachopaswa kusema," akasema. "Nimekisema maisha yangu yote na kukifundisha. Kila asubuhi naanza kukisema kwa ajili yako, na kinaishia hapa." Akagusa koo. "Sitakudanganya, Colleen. Hakijatoka. Siku kitakapotoka nitakupigia simu, hata kama ni saa mbaya."

"Nitasubiri."

"Subiri. Unakula?"

"Nakula kidogo."

"Kula."

Colleen aliinamisha kichwa, akageuka kuelekea geti la nyuma, ambako njia ina mteremko mkali na mvua ilikuwa imeifanya tope tupu. Aliteleza, akajishikilia kwenye ua.

"Gerard, kamsindikize," Sista akaniambia. "Pale chini ataanguka."

Nikainama nikang'oa gugu, kisha jingine. Sikwenda. Sista alinisubiri kidogo, hakunikaripia. Akashika mkono wa kiti, akajiinua kwa taabu na mabuti yake ya mpira, akalifuata tuta, akavuka geti. Nilipoinua macho niliwaona wanashuka, Colleen mbele, Sista nyuma yake, ameshika kiwiko chake kwa nguvu.